Miezi 14 na programu ya mauzo, na kitone kilichokwama ziwani

Jina la programu silitaji. Mkataba wetu nao unaendelea, tumegombana na kupatana mara kadhaa, na kijana wao wa huduma kwa wateja nimeshamzoea kama mdogo wangu. Lakini haipiti wiki bila mfanyabiashara mwenzangu kunipigia: "Dada, ile kitu yenu ya kwenye simu inasaidia kweli, au ni mbwembwe tu?" Nimechoka kujibu simu moja moja. Leo naandika.

Sisi tunauza jumla: sabuni za mche na za unga, mafuta ya kula, dawa za meno, viberiti, chumvi. Stoo iko Nyakato, Mwanza. Tuna vijana saba wa mauzo. Mmoja anashika Igoma hadi Kisesa, mmoja Buhongwa na Nyegezi, mmoja Kirumba na Ilemela, wengine wako Misungwi, Sengerema na mjini kati, na mmoja anavuka Ziwa Victoria kwenda kisiwa cha Ukerewe kila wiki. Kijana anatangulia na pikipiki kuchukua oda na kudai madeni, mzigo unafuata na guta au gari. Mimi nakaa ofisini na dada wa hesabu, na kazi yangu kubwa, nikiwa mkweli, ni kutafuta hela iliyokwama kati ya stoo na duka.

Kabla ya programu tulikuwa na daftari la kaboni na kundi la WhatsApp. Ukitaka kujua tulivyoishi, chukua simu yangu ya wakati ule saa 3 asubuhi: picha 19 za kurasa za daftari, nusu hazisomeki, na sauti za dakika mbili mbili za kijana anayeongea juu ya pikipiki huku upepo unavuma. "Dada andika mzee wa pale kona, yule wa bati la bluu, katoni mbili za unga, lakini subiri kwanza nitakwambia." Nitakwambia yenyewe haiji. Jioni tunagombania bati la bluu ni lipi.

Machi 2025 akaja muuzaji wa programu kutoka Dar, shati limenyooka, kompyuta begani. Akatuonyesha ramani ya Mwanza kwenye ukuta wa ofisi, vitone saba vinatembea. "Bosi, ukiwa umekaa hapa hapa utajua kila kijana wako yuko wapi." Ramani ndiyo iliyoniuzia, siwezi kukataa. Aliongea dakika 40 kuhusu vitone na labda dakika 3 kuhusu meseji za madeni. Kama ningejua ninayoyajua leo ningemwambia ageuze.

Bei: shilingi 15,000 kwa kila mtu kwa mwezi. Vijana saba na mimi, 120,000 kila mwezi. Simu hazimo, bando halimo. Kumbuka hayo mawili, kwa sababu ndiyo yaliyotutoa jasho.

Inafanyaje kazi? Kijana akifika dukani anafungua, anachagua jina la duka, anajaza bidhaa, bei zinajileta zenyewe. Mteja akilipa anaingiza malipo. Akikopa, yaani akichukua mali kauli, deni linajiandika. Mwisho programu inamtumia mwenye duka meseji ya kawaida, hata kama ana kiswaswadu kisicho na intaneti: umechukua nini, kiasi gani, unadaiwa jumla ngapi. Mimi ofisini naona yote kwenye kompyuta. Kusipo na mtandao kijana anaendelea kujaza, na mtandao ukirudi kila kitu kinajituma. Hii ya kujaza bila mtandao wanaisifia, na kweli imefanya kazi tangu siku ya kwanza. Sengerema vijijini bila hiyo tungerudi kwenye daftari wiki ile ile.

Kiswahili chake sasa. Mungu wangu. Mtu aliyetafsiri sijui alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Kitufe cha oda mpya kiliandikwa "Amri Mpya". Siku ya mafunzo kijana wa Misungwi akainua mkono kwa heshima zote: "Dada, hii amri inatoka kwa nani?" Orodha ya wateja iliitwa "Hesabu", kwa hiyo aliyeambiwa afunge hesabu alikuwa anafuta mteja. Tulipoteza maduka 11 wiki ya kwanza kwa namna hiyo, yakarudishwa kutoka Dar. Niliwaandikia orodha ya maneno 26 ya kubadilisha. Wakabadilisha 24, sifa zao wachukue. Mawili yaliyobaki tumeyazoea na sasa ni utani wa ofisi. Mtu akichelewa kuleta chai anaulizwa kama chai haijasawazishwa.

Nije kwenye simu. Mwanzoni nilitaka kubana matumizi, nikasema kila mtu atumie simu yake. Kosa. Programu ilipowekwa ikaomba ruhusa ya kujua mahali, kupiga picha, kusoma namba zote za kwenye simu. Vijana wakaguna. Mmoja akaniambia wazi, "Dada, mimi kazi yako naifanya, lakini mambo yangu ya nyumbani usiyaone." Nikamjibu siyaoni. Akasema, "Wewe huyaoni, lakini hiyo programu je?" Sikuwa na jibu. Nikampigia muuzaji kuuliza taarifa zetu zinakaa wapi. "Kwenye wingu, bosi." Wingu gani, la mvua? Ilimchukua siku mbili kuniletea jibu lenye jina la nchi.

Wengi wetu tunaona haya ni mambo ya mabenki na mashirika makubwa. Siyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Mtu ukimfuatilia alipo kutwa nzima, hiyo ni taarifa yake binafsi, hata kama mshahara unamlipa wewe. Nilikaa na ndugu yangu mmoja anayejua mambo ya sheria, tukaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida: tunachukua nini, saa ngapi hadi saa ngapi, nani anaona, tunafuta lini. Vijana wakausoma, wakauliza maswali mengi kuliko niliyotegemea, wakasaini. Programu yenyewe haikuja na karatasi kama hiyo. Nililiweka hilo kwenye malalamiko yangu ya kwanza, wakanijibu kwamba hilo ni jukumu la mteja. Sawa, lakini muuzaji wa gesi ya kupikia hakuachii mtungi bila kukuonyesha unafungwaje.

Kwa wenye simu nzuri za kwao kulikuwa na dawa, na haikutoka kwa muuzaji, ilitoka kwa kijana anayetutengenezea kompyuta. Simu za Android, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, zina uwezo wa kugawanywa sehemu mbili: upande wa kazi na upande wa mwenyewe. Programu za kazi zinawekewa alama ya kibegi kidogo. Ofisi inatawala upande wa kibegi tu. Picha za harusi, meseji za mchumba, vikundi vya ukoo, ofisi haivioni. Mtu akiacha kazi unafuta kibegi, simu yake inabaki nzima. Na jioni kijana anazima upande wa kazi kwa kitufe kimoja, programu zinakuwa kijivu, hata nikimtumia kitu hakimlii mpaka awashe asubuhi. Kitu hiki mimi kimenifundisha adabu. Nilikuwa natuma maagizo saa 4 usiku nikiona ndiyo uchapakazi.

Tatizo, simu mbili zenye RAM ndogo (kumbukumbu ya kuendeshea programu) zilikataa kugawanyika. Mwisho nikanunua simu za kazi kwa vijana wanne, watatu wakabaki na zao zenye kibegi. Simu nilizonunua mara ya kwanza zilikuwa za bei ya chini kabisa, na programu ilikuwa inazigandisha. Kijana anasimama mbele ya mteja anasubiri skrini kama anasubiri kivuko. Nimeziuza kwa hasara. Ukinunua simu za kazi, angalia betri na RAM kwanza, kamera baadaye, na simu iwe inaonekana juani. Hili la jua hakuna anayelisema dukani kwa sababu dukani kuna kivuli. Kijana wangu wa Buhongwa alikuwa anavua kofia anafunika simu ili asome bei.

Laini nazo zina hadithi yake. Tangu usajili wa alama za vidole uanze 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, laini ni ya aliyeweka kidole. Sisi kijana wetu wa zamani wa mjini alikuwa anatumia namba yake mwenyewe kuuzia, miaka mitatu. Akaondoka kwa amani, nami nikamtakia heri. Wiki iliyofuata nikagundua maduka yote ya mjini yanaagiza kwake, na yeye sasa anauzia mtu mwingine. Wateja hawakunikimbia, waliendelea kupiga namba ileile waliyoijua. Niseme nini? Namba ni yake, kidole ni chake. Sasa laini zote za mauzo zimesajiliwa kwa jina la kampuni, kwa nyaraka za kampuni na kitambulisho cha mwakilishi, na kijana akihama njia, laini inabaki na njia. Kabla hujanunua programu yoyote ya mauzo, fanya hili. Ni nauli na foleni ya asubuhi moja.

Bando. Nilidhani programu itakula bando, vijana wakaniaminisha hivyo hivyo, kila Alhamisi mtu "bando limekata". Nikakaa na simu ya kijana mmoja, tukafungua pamoja sehemu ya matumizi ya data. Programu ya mauzo kwa mwezi mzima: MB 380. Video fupi: GB 9. Tulicheka wote wawili, yeye zaidi kwa aibu. Sasa ofisi inaweka bando la kazi kila Jumatatu asubuhi, na kwenye simu za kampuni tumezuia programu nyingine zisitumie data nje ya orodha. Alhamisi zimetulia.

Sasa kitone.

Mei ya mwaka huo huo kijana wa Ukerewe alipanda meli ya mchana kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, kama kila wiki. Safari ni kama saa tatu. Saa 9 na dakika 40 nikatupia jicho kwenye ramani, kitone kiko katikati ya ziwa, vizuri. Saa 11 nikaangalia tena. Kitone pale pale. Saa 12 na nusu, pale pale. Nikampigia, hapatikani. Nikapiga tena. Dada wa hesabu akaja akasimama nyuma ya kiti changu, hatukusemezana.

Mtu wa Mwanza humwelezi maana ya kitone kilichosimama juu ya maji. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 200, wengine wakiwa wanauona ufukwe. Kila ukoo hapa una jina la mtu. Mimi nina la binamu yangu. Nilikuwa nimekaa naangalia doti ya kijani, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka kwenye kipanya. Mbaya zaidi, kijana wa stoo alipita akaiona, akamwambia mwenzake, habari ikafika kwa mke wa kijana kabla ya magharibi. Mama mja mzito. Akanipigia analia, "Dada, niambie ukweli." Ukweli gani? Ukweli niliokuwa nao ni doti.

Saa 2 usiku ikaingia simu kwa namba ngeni. "Dada shikamoo, simu ilizima, ndiyo nimepata pa kuchajia hapa gesti. Oda za kesho nikutumie sasa?"

Nilimfokea halafu nikamwombea dua, kwa mpangilio huo.

Kilichotokea, kama nilivyoelezwa baadaye, ni hiki. GPS haihitaji bando, simu inajua ilipo hata katikati ya ziwa. Lakini kunitumia mimi inahitaji mtandao, na huko majini mtandao unakatika. Kwa hiyo kitone nilichokiona ni mahali alipoonekana mara ya mwisho, saa 9 na dakika 40, na ramani ilikichora kana kwamba ni sasa hivi. Haikuandika saa. Juu ya hapo, programu ilikuwa inasoma mahali kila baada ya dakika mbili, na simu yenyewe inahangaika kutafuta mnara, betri ikaisha kabla hajashuka. Kwa maneno mengine, kifaa cha kunijulisha kijana yuko wapi ndicho kilichozima simu yake nisijue yuko wapi.

Nikapiga Dar asubuhi saa 2 kamili. Niliongea maneno ambayo hapa siyaandiki. Nilitaka vitu viwili: kila kitone kiwe na saa yake, na kikizidi nusu saa kigeuke rangi. Kijana wa huduma akasema atalipeleka kwa mafundi. Lilichukua miezi minne. Nadhani kwenye biashara ya programu miezi minne ni haraka, lakini mimi nikimcheleweshea mteja katoni ya sabuni siku nne namkosa. Ilipokuja ilikuja vizuri: kitone kikichakaa kinakuwa cha kijivu na kimeandikwa "alionekana saa fulani". Lakini kufikia hapo mimi na vijana tulishaelewana kuzima ufuatiliaji, tukabakisha alama ya mahali pale tu mtu anapojaza oda dukani. Inatosha. Inanionyesha oda imejaziwa dukani kweli au kijiweni, na betri inafika jioni. Kuwaangalia vijana wakitembea hakukuniuzia mche hata mmoja wa sabuni.

Kilichoniuzia ni meseji.

Igoma kuna mzee mmoja mwenye duka, mteja wetu tangu kabla sijaanza kazi hapa. Ana simu ndogo ya vitufe imefungwa mpira wa bendi, mfuniko wa nyuma ulishapotea. Mali kauli yake huwa analipa, lakini kila mwisho wa mwezi kulikuwa na ubishi: sisi tunasema katoni kadhaa, yeye anasema pungufu. Tulikuwa tunamwona mzee amesahau. Umri, tunasema. Mwezi wa tano wa programu akaja mwenyewe hadi Nyakato, kwa daladala, amevaa koti.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Nikamwamkia shikamoo, nikamvutia kiti. Akatoa simu, akaondoa mpira, akafungua meseji. "Mimi kusoma ni kwa shida. Lakini namba sita naijua." Meseji ilisema katoni 6. Karatasi ya kijana wetu ya kushushia mzigo, ambayo tulikuwa bado tunaitumia sambamba, ilisema 10. Kijana alikuwa amejaza 6 kwenye simu mbele ya mzee, kwa sababu alijua meseji itaingia mzee akiwa amesimama pale, halafu akaandika 10 kwenye karatasi iliyorudi kwangu. Katoni nne ziliuzwa taslimu mahali pengine. Nikarudi nyuma miezi, nikaona mzee alikuwa hasahau kitu. Yule kijana tulimalizana naye, hayo si ya hapa. Tofauti nilimrudishia mzee kwa mzigo, na karatasi ya kushushia tuliiondoa wiki hiyo hiyo.

Sijawahi kusikia muuzaji wa programu hata mmoja akianza na hili. Wote wanaanza na mwenye biashara: utaona, utajua, utadhibiti. Meseji ile inalinda mtu aliye upande wa pili wa kaunta, na kwa kumlinda yeye ikanilinda mimi. Maduka sasa yanaidai. Kijana akimaliza kujaza, mwenye duka hamruhusu aondoke mpaka simu ilie. Pale ambapo mtandao haupo, meseji zinafika usiku tatu kwa mpigo, na asubuhi nasikia malalamiko. Hiyo ni kasoro, lakini ni kasoro ya kitu kinachopendwa.

Malipo yamekaa nusu nusu. Pesa za simu tumezizoea, M-Pesa imeingia nchini tangu 2008, lakini kwenye jumla tulikuwa na tabia mbaya: mteja anatuma kwa namba ya kijana, kijana anatoa, analeta taslimu ikiwa imepungua ada na mara nyingine imepungua na chakula cha mchana. Sasa kuna Lipa Namba ya kampuni, imebandikwa kwenye kila karatasi na nyuma ya kila simu ya kazi. Mteja anapiga *150*00# au menyu ya mtandao wake, analipa, anaona jina la kampuni yetu kabla hajaweka namba ya siri. Kijana hashiki noti. Vibaka wa stendi nao wameshajua kwamba hana kitu. Hiyo ni Lipa Namba ndiyo iliyofanya, siyo programu. Programu haizungumzi nayo kabisa. Dada wa hesabu anakaa kila jioni analinganisha kumbukumbu za miamala kwa jicho, mstari kwa mstari. Niliambiwa siku ya mauzo kwamba kuunganishwa "kunakuja". Miezi 14 bado iko njiani, labda imepanda meli ya Nansio. Na risiti za EFD, mashine ya risiti za kodi, vilevile: programu inatoa hati yake nzuri yenye nembo, lakini risiti ya TRA unatoa kwa mashine yako. Kazi mbili kwa mauzo yale yale.

Simu moja iliibwa, Nyegezi stendi, mchana kweupe. Tulikuwa tumeandika IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, kwenye daftari (piga *#06#, nakili, sekunde tano), kwa hiyo polisi tulikwenda na namba, si na maelezo ya rangi. Kijana wetu wa kompyuta akaifunga simu na kufuta upande wa kazi akiwa nyumbani kwake. Kijana wa mauzo alipata simu nyingine kesho yake, akaingia, wateja wake wote wapo, madeni yote yapo. Enzi za daftari, begi likiibwa tulikuwa tunaenda duka hadi duka kuuliza kwa unyenyekevu, "Samahani, unadaiwa shilingi ngapi na sisi?" Unaweza kukisia majibu.

Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 tulipata faida ambayo programu ilitusaidia kuiona. Kijana wa Sengerema alikuwa anatembelea maduka 9 kwa siku, kwa sababu ya kusubiri kivuko. Baada ya daraja akafika 14, na oda zikawa na saa zake, kwa hiyo niliona wazi asubuhi ndiyo anauza. Tukabadilisha gari la mzigo litoke stoo saa 12 asubuhi. Ripoti hii iko ndani ndani, menyu ya nne, na nimeipata kwa bahati. Ndiyo ripoti bora waliyonayo.

Kwa hiyo, ununue? Inategemea una watu wangapi na unakopesha kiasi gani. Kama duka lako lina watu wawili na mali kauli chache, okoa hela yako. WhatsApp Business ipo tangu 2018 na ni ya bure: unaweka bidhaa zako kwenye katalogi, unawapa wateja lebo za "ameagiza" na "anadaiwa", unaandaa majibu ya haraka, na unaunganisha hadi vifaa vinne vingine ili dada wa oda ajibu kwenye kompyuta huku simu iko kwako. Kumbuka tu kwamba tangazo lake la watu wengi linamfikia yule aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo waombe wateja waihifadhi. Ongeza Lipa Namba, na laini iwe ya kampuni. Kuanzia vijana watano na madeni ya mtaani, hapo 15,000 inaanza kulipa, lakini kwa hesabu yangu simu, bando na laini vilinigharimu kuliko programu yenyewe mwaka wa kwanza, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye karatasi ya muuzaji.

Nyota? Tano kwa meseji na kujaza bila mtandao. Mbili kwa ramani, na moja ya hizo ni kwa sababu walirekebisha. Moja kwa malipo na EFD. Huduma kwa wateja nne, kijana anapokea simu hata Jumamosi, na nikikasirika ananiita mama ingawa hatuzidiani sana.

Mkataba ulipofika mwisho mwezi Machi nikaomba wapunguze bei kwa kuwa ramani hatuitumii. Wakasema ramani ni sehemu ya kifurushi, haiondoleki. Tukavutana wiki mbili. Mwisho wakakubali 12,000, na mimi nikakubali kuwaandikia upya maneno ya Kiswahili kwenye toleo jipya. "Amri" imeshaondoka. Nimewaambia na yale mawili yaliyobaki wayaguse wakati huu, lakini vijana wangu wamenikataza.